Makala yamekwisha

Mwaka juzi nilikuwa nikiandikiana na mhariri mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akisubiri maandishi yangu. Asubuhi moja akaniuliza kwa simu kama kila kitu kiko sawa. Nilikuwa nimechutama mbele ya mbabula, lile jiko letu dogo, vidole vyeusi, chai ya watoto haijachemka, nikamjibu: "Hapana ndugu, makala yamekwisha." Akajibu kwa furaha: "Safi sana! Nitumie basi."

Nilicheka peke yangu jikoni. Kwake yeye makala ni hiki unachosoma sasa hivi. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, makala ni kile ambacho watu wa pwani wanakiita mkaa, na kikiisha hakuna chai.

Kosa lile lilinikaa kichwani. Nilikuwa nimemwahidi kuandika jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuishi nyumbani kwake bila kuharibu sana nchi inayomzunguka, na siku nyingi zilipita nikitafuta pa kuanzia. Nikaanzia palepale nilipochutama. Gunia jipya lilipofika juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, nilichukua kipande kimoja cha makala nikaandika tarehe ukutani, nyuma ya mlango wa jiko. Lilipokwisha nikaandika tena. Siku 19. Tulikuwa watu 7 ndani ya nyumba, tunapika mara 2 kwa siku, maharagi mara 4 kwa wiki. Sikuwa nimewahi kuhesabu. Mume wangu alipoziona zile tarehe alidhani ni deni la mtu.

Kwa asiyejua yanakotoka: miti inakatwa, inapangwa, inafunikwa kwa majani na udongo, kisha inaungua polepole kwa siku kadhaa, ikinyimwa hewa. Kwa tanuru la namna hiyo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Gunia unaloliona limebebwa mjini ni mabaki. Sehemu kubwa ya mti ilishakwenda na moshi hukohuko mlimani.

Na huko mlimani si mbali. Mawingu yakifunguka, nikisimama mbele ya nyumba yetu hapa Majengo naiona Nyiragongo nzima, na mlima huo umo ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza kwa umri katika Afrika yote. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda wakapiga kambi Mugunga, Kibumba na Katale. Walipikia nini? Walipikia mbuga. Mnamo Julai 2007 gorila wa milimani waliuawa kwa risasi ndani ya msitu uleule, na lawama nyingi zikaelekezwa kwenye biashara ya makala. Walinzi wa mbuga waliokufa kazini kwa miaka yote hii wanapita 200. Haya tunayajua sote. Tunayazungumza jioni, tukingoja chakula kinachoivia juu ya makala.

Nilimuuliza mama anayeniuzia: "Mama, aya makala iko ya wapi?"

"Iko ya Masisi, mama."

Ukiuliza, makala yote ya Goma ni ya Masisi. Kule kuna miti ya kupandwa, hasa mikaratusi, kwa hiyo ndilo jibu lisilo na kesi. Lakini mkono hauulizi. Makala ya mkaratusi ni mepesi, yanashika upesi na kuisha upesi. Ya mti wa msituni ni mazito, ukiyagonganisha yanalia kama chuma, na hakuna mpishi asiyeyapenda. Nilijaribu kumhubiria kidogo. Akaniangalia, akasema: "Na weye, leo utapikia nini?" Nikanunua.

Tangu siku hiyo niliacha kuwahubiria wauza makala. WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, ilianza huku Kivu ya Kaskazini mwaka 2007 mpango wa kupanda miti ya kuchomea makala, ukaitwa EcoMakala, na mimi nadhani ni wazo la watu wenye akili, maana halikumwambia mtu yeyote aache kupika. Ila mti unataka miaka. Mimi nilitaka kujua ninachoweza kufanya kabla ya gunia linalofuata.

Nilianza na maharagi, kwa sababu ndiyo yanayokula gunia. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kama 95 hivi, na yakishachemka hayapandi zaidi hata ujaze mbabula mpaka ukingo uwe mwekundu. Shangazi yangu wa Uvira, ambako ni chini zaidi, akija kututembelea hulalamika kwamba maharagi ya Goma yana kiburi. Kumbe ni mlima. Hili peke yake lilinibadilisha, kwani nilikuwa mtu wa kuongeza makala nikiona chungu kinachelewa. Kuongeza hakuivishi upesi, kunakausha maji tu. Siku hizi sufuria ikishachemka nafunga mlango wa chini wa mbabula, naacha tundu la kidole, na kifuniko hakitoki juu.

Kuloweka maharagi usiku kucha kila mtu anakujua, na wanaokufanya ni wachache. Sababu si uvivu. Nyumba nyingi za hapa huamua chakula asubuhi, kulingana na kilichopatikana, na huwezi kuloweka leo usiku maharagi utakayoyanunua kesho saa nne. Mimi nina mshahara, hata kama unachelewa, kwa hiyo Jumamosi naweza kununua makopo ya wiki nzima. Jirani yangu anayeuza ndizi barabarani hawezi. Tulipatana hivi: mimi naloweka na ya kwake, yeye ananiletea maganda ya ndizi, na matumizi ya maganda hayo nitayafikia.

Kisha lilikuja kapu. Ni tenga la kawaida nililolinunua soko la Virunga. Ndani nilipanga majani makavu ya mgomba, juu yake bulangeti kuukuu, halafu mto wa kitenge nilioushona na kuujaza vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani. Maharagi yaliyolowekwa nayachemsha dakika 30, mchemko wa kweli, kifuniko juu, kisha sufuria inaingia ndani ya kapu ikiwa bado inatokota, mto unakaa juu, bulangeti linafungwa. Saa 4 baadaye yameiva bila kipande kimoja cha makala zaidi. Ila ule mchemko wa mwanzo usiupunguze. Maharagi mekundu yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali, dakika 10 kwa uchache, na vuguvugu peke yake haliiwezi. Mtu anaweza kulala kitandani siku nzima akitapika na kudhani amelogwa.

Mama mkwe wangu alirudi kanisani akakuta kapu kwenye kona, limefunikwa gubigubi.

"Nani mugonjwa?"

"Ni maharagi, mama."

Hakucheka. Alizunguka lile kapu, akaliangalia juu na chini, akaniuliza kama kwetu nilikotoka watu walikuwa wanapikia kitandani. Kisha akafungua. Akafunga. Baada ya nusu saa akafungua tena kuona kama yanachemka, na kila alipofungua joto lilitoka. Jioni maharagi yalikuwa magumu kama kokoto. Tulikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo walioletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao Mungu awabariki, wanaiva kabla hujamaliza kukata kitunguu.

Lakini ni huyohuyo mama mkwe aliyenifundisha jambo lililopunguza gunia kuliko kapu. Mimi nilikuwa nikimaliza kupika naacha makala yafe yenyewe, au nikiwa na haraka nayamwagia maji. Yeye alikuwa na chungu cha zamani chenye kifuniko. Sufuria ikiondoka tu, aliyachota makala mekundu kwa koleo, akayatia chunguni, akafunika. Bila hewa yanazimika, na kesho yake yanashika kwa kiberiti kimoja. Kwao walikokulia kuni hazikuwa za kununua, lakini zilikuwa za kubebwa mgongoni, kwa hiyo walijua thamani ya kipande. Hakuwahi kunionyesha kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nasoma vitabu vya mazingira.

Gunia la pili, siku 24. La tatu, siku 31.

Niseme na hili, kwa vile usiku wa Goma una baridi: mbabula yenye makala mekundu isiingie chumba cha kulala, hata kama moshi umekwisha. Ile hewa mbaya ya makala haina harufu wala rangi. Watu hulala wakiwa wamepata joto vizuri, wasiamke.

Briketi zilinishinda. Naandika hivyo kwa sababu kila mafunzo niliyokwenda walitufundisha briketi, wakatupiga picha tukiwa na mikono michafu, wakaondoka. Vumbi la makala linalobaki chini ya gunia ninalo la kutosha. Ila lazima kiwepo cha kuligandisha, na hapa kwetu chini ni mawe ya volkano na mchanga mweusi, udongo wa mfinyanzi hakuna. Nilipika uji wa unga wa muhogo nikauchanganya, nikafinyanga madonge, nikayaanika. Mvua ikanyesha siku 5. Yale yaliyokauka yalitoa moshi ulioniletea jirani mlangoni, na mume wangu akauliza, kwa upole kabisa, kama ule unga wa muhogo tusingeweza kuula. Wako wanaozitengeneza kwa mashine, zikatoka nzuri, na hizo nanunua nikizipata. Vumbi langu siku hizi nalirudisha mbabulani kidogokidogo, juu ya makala yaliyokwisha kushika.

Jambo ambalo sikutegemea lilitoka kwenye likelemba. Tuko wanawake 8 wa avenyu moja, kila wiki kila mmoja anatoa pesa, na mmoja anabeba zote. Katika mzunguko mmoja tulipatana kwamba atakayebeba anunue kwanza sufuria ya presha, kinachobaki ni chake. Tulibishana Jumapili 2 nzima. Mmoja alikuwa amesikia kwamba presha inapasuka kama bomu, na katika mji huu neno bomu si la mzaha. Ikabidi niende na yangu, nipike mbele yao. Ndani ya sufuria ile iliyofungwa maji yanapanda joto kupita digrii 100, ule mlima tunaoishi juu yake unakosa nguvu, na maharagi yaliyolowekwa yakaiva kabla hatujamaliza kusengenya. Mama wa bomu ndiye aliyeomba abebe wa kwanza. Leo wote 8 wanazo. Ukiniuliza ni kitu gani nilichofanya katika miaka hii chenye maana nje ya ukuta wangu, nitataja zile zamu 8, na wala halikuwa wazo langu peke yangu. Hakuna aliyeingia kwa ajili ya gorila. Waliingia kwa sababu pesa ya makala ilibaki mfukoni wiki ileile.

Umeme nao upo, kwa wenye bahati. Mtambo wa Matebe, kule Rutshuru, wa megawati 13 hivi, ulianza kazi mwishoni mwa 2015 kwa maji yanayotoka upande wa mbuga, na ziko nyumba za mjini zilizohamia kwenye presha ya umeme, inayopika sufuria ya maharagi kwa chini ya yuniti moja. Kwa hesabu ni rahisi kuliko makala. Lakini vita vikifika kwenye nguzo za waya, waya unakatika, na mbabula inarudi. Hakuna anayeitupa mbabula yake Goma.

Maji ni hadithi nyingine. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilisimama karibu kabisa na sisi, Buhene, lakini ilikuwa imeshaharibu tanki kubwa na mabomba, tukabaki kwenye vidumu kwa muda mrefu. Hapo ndipo tulipoweka mifereji ya bati kwenye ukingo wa paa na pipa chini yake. Mvua ya Goma si mchezo. Pipa linajaa kwa alasiri moja. Ila tusidanganyane: tuko chini ya volkano inayopumua. Moshi wake huichafua mvua, huifanya iwe na uchachu unaokula mabati, na kuitia floridi, ile inayoyachora meno ya watoto madoa ya kahawia. Kwa hiyo maji ya pipa ni ya kufulia, ya choo, ya kupigia deki na ya bustani. Hatunywi. Maji ya mvua ya kwanza, yanayoliosha paa, tunayaacha yapite. Ya kunywa tunatafuta kwingine na tunayatia dawa, maana kipindupindu tunakijua kwa jina na kwa sura.

Na bustani? Watu wa kwingine wakiambiwa watupe uchafu wa jikoni, wanachimba shimo. Njoo uchimbe shimo kwetu. Utapiga sururu siku nzima upate nafasi ya kuzikia kuku. Jiwe hili ndilo linalotujengea ukuta, na ndilo linalotunyima choo kirefu na shimo la takataka. Kwa hiyo tulipanda juu. Magunia makuukuu ya makala, hayohayo, tunayajaza udongo ulioletwa na chukudu, tukiuchanganya na maganda ya ndizi ya jirani yangu, ya viazi na mabua ya lengalenga, huo mchicha wetu, yaliyokwisha kuoza. Katikati ya gunia tunasimamisha kopo lisilo na kitako, tunalijaza kokoto, na kila udongo ukipanda tunalivuta juu kidogo, mpaka inabaki nguzo ya kokoto inayoshusha maji hadi chini. Pembeni tunatoboa matundu na kupachika miche. Gunia moja la lengalenga linatupa mboga mara 2 kwa wiki. Majivu ya mbabula nayatia ngumi moja tu mara mojamoja. Mwanzoni niliyatia kwa moyo mkunjufu, mboga zikageuka rangi ya mgonjwa wa manjano.

Kinachobaki ni plastiki, na hapo sina la kujisifu. Kisheria, mifuko ya plastiki ilikatazwa Kongo kwa amri ya Desemba 2017. Ukitaka kuona amri inayofanya kazi, tembea hadi kwenye barrière, pale mpakani, uangalie watu wakihamisha nyanya zao kutoka kwenye sashe, hiyo mifuko, kabla ya kuingia Gisenyi, kwa sababu Rwanda ilikataza tangu 2008 na ikamaanisha. Upande wetu sashe inatolewa bure hata ukinunua ndimu moja. Nilishona mifuko 6 ya kitenge, wifi yangu akachukua 3, watoto wakapoteza 2. Huo mmoja ninao.

Takataka zisizochimbiwa zinaishia mifereji ya barabara, na mifereji inaishia ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja wa kutokea, mto Ruzizi, kule Bukavu, na karibu na mlango huo kuna bwawa la umeme la miaka ya 1950 ambalo wafanyakazi wake huvuna chupa na sashe kwa matani zisiingie kwenye mitambo. Sisemi kwamba chupa ya soda ya mtoto wangu ilisafiri ziwa zima kwenda kuzima taa za Bukavu. Nyingi ni za wenyewe Bukavu. Ila tangu nilipoona picha za maji yale yaliyofunikwa rangi zote mpaka hayaonekani, Jumamosi za salongo, kazi ya pamoja ya usafi, sitafuti tena homa ya ghafla. Tunazibua mfereji wa avenyu yetu, kiongozi wa nyumba kumi anahesabu nani hakuja, na chupa nzima zinachukuliwa na wauza mafuta na maji ya matunda kabla hata hazijakauka. Hizo hazijawahi kuwa takataka. Sashe ndizo zinabaki, na sashe hizo tunazichoma. Najua moshi wake ni sumu. Lori la kuzibeba halifiki kwetu, na mpaka leo sijapata pa kuzipeleka.

Leo ni siku ya 43 ya gunia lililopo, na bado lina kama robo. Mvua inanyesha, pipa limeshafurika. Mhariri wa Dar ameandika tena asubuhi hii kuuliza kama makala yamekwisha. Nimemwambia bado, yote mawili.

Kapu liko kwenye kona na bulangeti lake. Nimesikia kifuniko kikigonga. Mama mkwe amechungulia, nadhani ni mara ya kwanza tu leo. Kisha nimemsikia akimwambia mtoto, kwa sauti ya chini: "Usifungue. Bado yamelala."